Habari za Motomoto kwa Baba Mkwe

Jumatatu, 8 Septemba

Mwanyumba kaja tena na gazeti. Siku ya tisa mfululizo. Mwanyumba ni mume wa dada yake mke wangu, anasimamia malori kwenye ghala la saruji, na suruali yake ina mstari wa pasi unaoweza kukata mkate. Kapita sebuleni bila kunitazama. Kampa Mzee gazeti kwa mikono miwili. Kaketi, kaanza kumsomea vichwa vya habari kwa sauti ya mtangazaji. Mzee anatikisa kichwa kwa raha. Mimi huku nimeshika sinia la chai.

Mzee ni baba mkwe wangu. Alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na miwili, na hadi leo husoma kila kitu, hata maandishi madogo nyuma ya kiberiti. Mwezi wa saba alivunjika goti, tukamchukua. Jumapili hii familia inakutana hapa kwetu, naye atatamka atakaa wapi moja kwa moja: kwetu au kwa Mwanyumba.

Lazima akae kwetu. Sababu naiandika hapa kwa kuwa shajara haina mdomo. Tangu Mzee aingie nyumba hii, mke wangu hajanigombeza hata mara moja. Hawezi kumfokea mume mbele ya baba yake, kalelewa. Nimevunja glasi mbili. Nimeunguza pazia. Nimerudi kutoka kwenye mkutano wa kiwanda na viatu vya mtu mwingine. Ananitazama, anameza mate, anasema pole mume wangu. Wiki saba za amani! Mzee akihamia kwa Mwanyumba, yote aliyoyameza yatatoka kwa siku moja.

Kwa hiyo nahitaji habari. Shida ni kwamba nyumba yetu imekaa bondeni, nyuma ya tangi la maji, na mtandao wa intaneti unaishia kwenye duka la kona. Magazeti yanauzwa kwenye njia anayopita Mwanyumba, si yangu. Ila kazini kwangu, stoo ya kiwanda cha magodoro, mtandao upo wa kumwaga. Mtu anaubebaje mtandao hadi nyumbani?

Nimemuuliza fundi wa kompyuta wa kiwanda, dada mmoja mwembamba tunayemwita Dada Nyaya. Kasema ni kazi ndogo. Magazeti yote yanatoa mlisho wa habari mtandaoni, yaani makala zao zinatiririka humo kila siku. Kuna programu inaitwa Kapu. Inazipitia habari, inazikusanya, inazihifadhi kwenye mashine, halafu unazisoma popote bila mtandao. Haina picha wala vitufe. Ni dirisha jeusi tu, unaliandikia amri, linatii.

Nina miaka kumi na mmoja ya ndoa na sijawahi kutoa amri ikatiiwa. Nikamwambia aniwekee kesho asubuhi.


Jumanne, 9 Septemba

Kapu limewekwa, kwenye kompyuta mpakato ya stoo iliyostaafu. Dada Nyaya kaniandikia amri kwenye kipande cha karatasi, kanisihi nifuate neno kwa neno, nisiongeze langu. Kisha kaenda kula. Kosa lake.

Amri ya kwanza ni "kapu chota". Niliona ni ukosefu wa adabu. Nikaandika "kapu tafadhali chota". Likajibu: amri haijulikani, tafadhali. Ajabu ya dunia. Nyumbani nikilisahau neno hilo nakula peke yangu, huku nikilitia natimuliwa.

Nikaandika bila adabu. Likatii, likauliza maswali.

Magazeti yapi? Yote.

Tangu lini? Karatasi ya Dada Nyaya ilisema niandike tarehe ya leo. Ya leo tu? Mwanyumba alete la siku moja na mimi nilete la siku moja, tofauti iko wapi? Nikaandika mwaka jana. Likakubali. Mwaka juzi. Likakubali. Nikaendelea kurudi nyuma hadi lilipokataa kuvuka miaka mitatu kamili. Nikaacha hapo. Kapu likanguruma saa nzima likimeza. Msimamizi kauliza ni mlio gani huo. Nikasema ni feni.

Litoe makala ngapi kwa siku? Karatasi ilisema ishirini. Hapo nilitii, maana wino wa printa naugawa mimi mwenyewe na najijua.

Makala ishirini za kwanza zikatoka. Juu ya kila moja kuna mstari wa namba, kama namba ya injini ya gari. Uchafu mtupu. Kuna amri ya kuondoa mistari usiyoitaka, nikaiondoa yote, na mahali pake nikaweka: Imeletwa kwako na mkweo wa bondeni. Kila makala. Nikachapa kwa herufi kubwa nyuma ya vijikaratasi vya maelekezo ya godoro vilivyokosewa kiwandani, hivyo nyuma ya kila ukurasa pameandikwa usioshe kwa maji ya moto.

Mwenyewe sikuzisoma. Habari sina ugomvi nazo, zinanipa kiungulia tu.

Mzee kapokea. Kavaa miwani. Kasoma ukurasa wa kwanza. Kausoma tena. Kavua miwani, kaifuta kwa pindo la shati, kaniuliza hizi nimezitoa wapi. Nikasema mtandaoni, zinatoka jikoni moja kwa moja, za motomoto. Kaniangalia muda mrefu. Kauliza kama na kesho zitakuja. Nikasema kesho, keshokutwa na siku zote za uhai wetu.

Akasema sawa, mwanangu. Mwanyumba hajawahi kuitwa hivyo, nimefuatilia.


Jumatano, 10 Septemba

Asubuhi Mzee kasoma karatasi zangu kwa sauti, peke yake chumbani, akisimama kila baada ya aya kana kwamba anangoja mtu ajibu. Mke wangu kasimama mlangoni na kikombe cha chai hadi chai ikapoa. Kaniambia baba yake hajasoma hivyo siku nyingi sana. Nikamwambia huo ndio ubora wa huduma.

Sasa Mwanyumba. Gazeti lake lina rangi, langu halina. Jioni nilimvizia getini. Nikamwambia kwa huzuni kubwa kwamba daktari kapiga marufuku wino wa magazeti, unamkohoza Mzee. Mwanyumba kashtuka. Kauliza mbona mimi nampa karatasi zenye wino. Nikasema wino wa kiwanda cha magodoro hauna madhara, umetengenezwa kwa ajili ya watu waliolala. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Palepale Mzee akakohoa huko ndani, kikohozi kirefu, bila mimi kumwomba. Mwanyumba kakunja gazeti lake, kaondoka kichwa chini.

Mungu hamtupi mja wake.

Redio nayo nimeitoa betri. Ziko kwenye soksi yangu.

Habari za leo, kwa maelezo ya Mzee: mbuni katoroka bustani ya wanyama na hajulikani alipo. Kocha mpya wa timu ya Reli kaahidi ubingwa. Waziri wa Madaraja kasema hajiuzulu ng'o. Mzee kanyoosha kidole juu ya jina la waziri, kaniambia kesho utasoma kajiuzulu, tena kwa barua ya mistari miwili. Nilimwitikia kwa heshima. Wazee wakikaa ndani sana huanza kubashiri.

Kitu kimoja kidogo. Kauliza kwa nini makala moja inasema kesho ni Jumapili wakati kesho ni Alhamisi. Nikamweleza kwamba mtandao unahudumia nchi nyingi, kila nchi ina saa zake. Akasema ala.


Alhamisi, 11 Septemba

Waziri kajiuzulu. Barua ya mistari miwili.

Nimeisoma mara tatu, mimi nisiyesoma habari. Nimetoka kazini mbio hadi nimesahau kufunga stoo. Nikampa Mzee ukurasa huku nimetoa macho. Hakushtuka hata kidogo. Kasema vizuri. Kisha, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya basi, kasema mbuni atapatikana ndani ya chumba cha walimu cha shule moja, mzima, amekula chaki. Na kocha wa Reli atafungwa matano na atafukuzwa jioni hiyohiyo. Nikauliza lini. Akahesabu vidole. Jumapili.

Hapo ndipo nilipofunguka. Baba mkwe wangu ni mtabiri! Miaka thelathini na miwili ya kutazama mashahidi wakidanganya imemfungua jicho la tatu. Mtu mwingine angekaa kujiuliza inawezekanaje. Mimi sipotezi muda. Nina Kapu, nina printa, nina Mzee. Huyu hatoki nyumba hii.

Nilimchokonoa kwa mbali, nikamuuliza kama ni kawaida yake kujua mambo kabla. Alicheka mpaka goti likamuuma. Akasema mambo mtu akishayapitia, anayajua. Hekima nzito. Nitaiandika kwenye ukuta wa stoo.

Mke wangu kanipakulia mchuzi mwingi kuliko kawaida leo. Hakutaja pazia.


Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya adui.

Kwanza Dada Nyaya. Kapita stoo, kachungulia dirisha jeusi, kakunja uso, kaniuliza lile swali la tangu lini nililijibu vipi. Nikafunga kompyuta haraka, ikambana kidole. Nikamwambia ni siri ya familia. Kasema ana neno dogo la kunieleza. Nikamwambia aliandike, aliache mezani. Ameandika. Nimelipokea, nikalitumia kuegemeza meza inayoyumba. Fundi akikuachia amri ya kutumia kitu, halafu akurudie na ushauri, ujue ameona wivu.

Kisha Mwanyumba. Kaja jioni na mkewe na chupa ya dawa ya kikohozi. Gazeti hana, katii. Lakini shemeji, dada yake mke wangu, alikaa karibu na baba yake akamwambia kwa upole kwamba kwao mlango uko sawa na ardhi, hakuna ngazi hata moja. Kwetu zipo tano. Mzee hushuka kwa kukaa, ngazi moja baada ya nyingine, kama mtoto mdogo, na mke wangu humshikia fimbo. Nilikuwa nimezisahau ngazi. Kila mtu akatazama mlango. Mke wangu akatazama chini. Anamtaka baba yake abaki, naye kwa sababu zake nzuri kuliko zangu, lakini ngazi hawezi kuzibishia.

Siwezi kuvunja ngazi kabla ya Jumapili, nimepima. Kilichobaki ni kumvunja Mwanyumba.

Mpango: kesho asubuhi yuko kwa kinyozi, kama kila Jumamosi, na wanaume wote wa mtaa wako pale. Nitatangaza utabiri wa Mzee mbele yao. Jumapili ukitimia, mtaa mzima utajua kwamba kuna nyumba moja tu ambako habari zinafika kabla hazijatokea. Mzee ataiachaje nyumba ya namna hiyo?


Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nikiwa nimejifungia bafuni.

Kinyozi ana viti vitatu na benchi moja refu. Mwanyumba alikuwa kiti cha katikati, povu hadi masikioni. Niliingia nikasimama mahali ambapo kila kioo kinanionyesha. Nikatangaza, kwa sauti iliyofika barabarani, kwamba kesho jioni kocha wa timu ya Reli anafukuzwa.

Wembe wa kinyozi ukasimama hewani. Nikaona hofu imewaingia, nikaongeza: mabao matano. Basi nikamalizia na mbuni, chumba cha walimu, chaki.

Benchi lote likalipuka. Mtu mmoja alianguka chini, akabaki hukohuko chini akishika tumbo. Mwanyumba akageuka na povu lake akaniuliza taratibu kama ninamzungumzia yule kocha aliyefukuzwa miaka mitatu iliyopita, ambaye siku hizi anafundisha mazoezi ya viungo kwenye shule anakosoma mtoto wa Mwanyumba. Kinyozi alinyoosha wembe kuelekea ukutani, juu ya kioo. Pana kipande cha gazeti kilichofifia hadi kimekuwa rangi ya chai. Mbuni. Meza ya walimu. Vumbi jeupe mdomoni.

Kimebandikwa pale miaka mitatu. Nimenyolewa chini yake zaidi ya mara thelathini.

Na timu ya Reli, kumbe, ilishavunjwa.

Nikalikumbuka lile swali. Tangu lini. Nikaikumbuka ile mistari ya namba niliyoifuta. Zilikuwa tarehe. Kapu lilianzia kulekule nilikolituma, likawa linasogea siku kwa siku kama konokono. Nimemlisha mgonjwa habari za miaka mitatu iliyopita, nimemkatia gazeti la kweli, nimemtolea betri za redio, na kwenye kila makala nimejiandika mimi ndiye niliyeileta. Nilipofika stoo nikaisoma karatasi iliyo chini ya mguu wa meza. Dada Nyaya kaandika: kaka, unasoma ya zamani.

Mwanyumba kaapa kwamba kesho atayaweka yote mezani, na lile la wino pia. Kitumbua changu kimeingia mchanga, na mchanga niliuchota mwenyewe kwa amri.

Nikarudi mbio kuziiba karatasi kabla ya kesho. Zimo kwenye faili la mahakama, zimefungwa kwa uzi, Mzee amelilalia. Kauliza za leo ziko wapi. Nikasema mashine inaumwa. Uso ulimshuka. Sijawahi kuuona uso wa mtu mzima ukishuka hivyo kwa ajili ya karatasi. Kauliza kwa sauti ndogo kama itapona. Nikasema itapona.

Kwa kinyozi nilifedheheka tu. Pale kitandani kwa Mzee niliona aibu.


Jumapili, 14 Septemba

Tumekaa sebuleni, watu watano. Mwanyumba kasimama kabla hata chai haijamiminwa. Kaeleza yote: kocha, mbuni, daktari ambaye hayupo, wino wa watu waliolala. Katoa gazeti la leo kutoka mfukoni, kaliweka mezani kando ya faili la Mzee, ili tarehe zionekane. Kaketi.

Mke wangu akanigeukia. Akavuta pumzi. Pumzi hiyo naijua, ilikuwa na wiki saba ndani yake.

Mzee akainua mkono. Akasema alijua tangu ukurasa wa kwanza, Jumanne. Habari hizo alishazisoma zilipotoka. Akasema karani wa mahakama humdanganyi kwa kumfutia tarehe, tarehe ndiyo kitu cha kwanza watu hufuta. Lile la wino alilisikia kupitia dirishani, na akakohoa kwa makusudi kunisaidia, maana aliona natapatapa. Na habari za siku hizi anazipata bure kutoka redio ya jirani, ambayo haijawahi kuzimwa.

Shemeji akamuuliza kwa nini, sasa, alinyamaza.

Mzee akajibu huku anaangalia mikono yake. Akasema mwezi kama huu, miaka mitatu iliyopita, mama yenu alikuwa hai. Tulimzika mwezi wa tano, mwaka juzi. Kila asubuhi Mzee alikuwa akimsomea gazeti huku mama anachambua mchele, na hakuna habari ambayo mama hakuijibu. Yule waziri, mama alimwita mwongo kabla ya barua. Aliposomewa kwamba mbuni katoroka, alicheka mpaka sinia likamwagika, wakaokota mchele sakafuni wote wawili. Mzee akasema alikuwa amekisahau kicheko hicho. Jumatano kilirudi, ukurasa wa pili. Sasa kila asubuhi anamsomea tena, na anakumbuka mama alijibu nini, aya kwa aya.

Mke wangu alilia. Shemeji alilia. Mwanyumba alilichukua gazeti lake mezani akalirudisha mfukoni polepole, macho mekundu. Na mimi nililia, naandika bila haya.

Kisha Mzee akatamka. Atakaa hapa. Ngazi atazishuka kwa kukaa, kama alivyozizoea. Mwanyumba amletee gazeti Jumapili, wazungumze ya leo. Na kwangu ana sharti moja. Nirudishe tarehe, halafu nisiguse kitu kingine chochote. Kapu liende linavyokwenda, ishirini kwa siku, kuanzia lilipoishia. Likifika mwisho wa mwezi wa nne, nimwambie, tutasimama hapo. Mwezi wa tano hataki kuusoma.

Nikaapa mbele ya wote. Mke wangu akanishika mkono chini ya meza. Akanong'ona kwamba nimemrudishia baba yake. Kisha akaubana mkono hadi vidole vikalia, akanong'ona kwamba habari ya daktari na wino tutaizungumza Mzee akilala. Alipolala tuliizungumza. Na pazia pia. Lakini alisema kwa sauti ya chini.


Jumatatu, 15 Septemba

Stoo, saa ya chakula. Mwanamume aliyeshinda anaandika.

Mzee anabaki. Mwanyumba amebakiwa na Jumapili moja kwa wiki. Mke wangu kanifungia chakula kwenye bakuli lenye kifuniko, heshima ambayo nilikuwa nimeshaisahau. Nimezirudisha tarehe, kama nilivyoapa. Hiyo ni nusu ya sharti na nimeitimiza vizuri.

Kisha nilikaa nikaliangalia dirisha jeusi. Nikawaza kuhusu kinyozi. Benchi zima lilinicheka, na yule aliyeanguka chini, leo asubuhi kanipigia honi ya baiskeli akiniita Chaki. Yote haya kwa sababu ya swali moja. Nililituma Kapu miaka mitatu nyuma, likaenda miaka mitatu nyuma. Halikubisha. Linakwenda linakotumwa.

Sasa, likitumwa miaka mitatu mbele?

Hakuna aliyewahi kujaribu, kwa sababu watu hufuata karatasi ya fundi. Huku si kugusa. Ni kuchungulia dakika mbili, halafu narudisha kila kitu mahali pake. Na Mzee mwenyewe atafaidi. Amekaa na ya zamani wiki nzima, macho yanamchoka.

Nimeandika tarehe, miaka mitatu kuanzia leo. Kapu limekubali. Limeandika sentensi moja tu: ukibadili tarehe ya kuanzia, hazina yote iliyokusanywa itafutwa, na makala nyingi za zamani hazitolewi tena na magazeti, je, una hakika? Sentensi ndefu, ya woga, ya kifundi. Nimebonyeza ndiyo.

Limenguruma kidogo, likajibu: makala sifuri. Nadhani huko mbele bado hawajaamka. Nitajaribu tena saa tisa.

Mzee kapiga simu stoo sasa hivi. Kauliza kama mashine imepona. Nimemwambia imepona kabisa, na jioni namletea gazeti ambalo hajawahi kulisoma mtu yeyote.